Mkunga Ashika Msumeno

Asubuhi waliyopanga kuondoka, binti yao mkubwa alifika kabla hata chai haijachemka. Aliegesha gari lake nyuma ya Kobe ili Kobe lisipate pa kutokea, akashuka bila kuuliza habari za kulala.

"Mama, nimesikia mmepakia misumeno."

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe, jana kwenye simu. Ulisema baba kapanga misumeno yake vizuri, utadhani anapanga vijiko."

Mama mtu akajiuma ulimi. Mdomo uliponza kichwa, kama kawaida yake.

Kobe lilikuwa basi dogo la shule lililostaafu. Mumewe alilinunua likiwa limechoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki na makabati aliyoyapigilia misumari kwa mkono wake. Watoto wakalipa jina hilo kwa sababu lilibeba nyumba mgongoni na halikujua haraka. Kila likizo walikwenda nalo porini, wakalala huko, wakapika huko, wakarudi wananuka moshi.

Mama mtu mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mkunga, na mumewe pia alimwita hivyo, maana watu wengi wa mtaa ule waliiona dunia kwa mara ya kwanza wakiwa mikononi mwake. Mumewe walimwita Kipanga. Jina la kazini hilo. Alikuwa mkata matawi wa shirika la umeme, mtu wa kupanda miti iliyoegemea nyaya na kukaa huko juu na msumeno wake, akitazama chini kama kipanga anayetafuta kifaranga. Mwaka uliopita, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga. Kilimwachia mguu wa kuburuta, mkono wa kulia uliolala tu ubavuni kama mgeni asiyejua kuaga, na ulimi mzito kama jiwe la kusagia. Akili hakikuigusa. Hilo Mkunga alimwambia kila mtu, hata wasiouliza.

"Mama, kijiko chenyewe kinamshinda," binti alisema. "Juzi mchuzi wote uliishia kifuani. Leo unampakia msumeno wa injini? Unataka kumuuguza au kumzika?"

"Punguza sauti. Yumo ndani, na masikio hayakupooza."

Binti akapanda ndani ya Kobe. Akautoa msumeno wa injini chini ya sinki, akatoa shoka nyuma ya kiti cha dereva, akatoa na panga, vyote akavipeleka kwenye buti la gari lake. Aliporudi kuifuata droo iliyokuwa chini ya kitanda, alimkuta baba yake ameshaikalia. Kipanga alikuwa amejikokota, akakaa kitandani, akateremsha miguu yote miwili mbele ya ile droo.

"Baba, inuka kidogo tafadhali."

Kipanga akatazama dirishani, kama abiria aliyekwisha kulipa nauli.

"Baba!"

"Si... si..."

"Siinuki," Mkunga akamalizia.

Hiyo aliipatia. Binti akakaa chini sakafuni pale pale, akacheka, halafu kicheko kikageuka, akafuta macho kwa kiganja. Alipomvuta mama yake nje alimshika mikono yote miwili. "Niahidi. Asiguse kitu chenye makali. Niahidi, mama."

Mkunga akaahidi. Mtoto akikulilia, ahadi hutoka yenyewe. Alipogeuka alimwona Kipanga dirishani, na Kipanga akageuza uso.

Njiani Mkunga ndiye aliyeendesha. Zamani yeye alikuwa mtu wa kumenya machungwa na kukosoa uendeshaji; sasa alishika usukani kwa mikono miwili, na mumewe akakaa kando bila kukosoa kitu. Kila Kobe lilipopita kwenye shimo, ile droo iliguna. Humo mlikuwa na misumeno miwili tu iliyosalimika, mmoja wa upinde, mmoja mdogo wa kukunja wa kutia mfukoni, pamoja na tupa ya kunolea na glovu za ngozi. Meno ya ule wa upinde yalikuwa yamevikwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa, yasije yakamng'ata mtu. Kipanga alikuwa akisema, enzi ulimi wake ukiwa mwepesi, kwamba kwenda porini bila msumeno ni sawa na mkunga kwenda kuzalisha bila mkasi. Na Mkunga alikuwa akimjibu kwamba mkasi wake hauchukui nusu ya kitanda.

Kambi ilikuwa msituni, kando ya ziwa dogo, na wageni siku hiyo walikuwa wachache. Mlinzi wa kambi, mwanamke mwenye buti za mpira na fungu la funguo kiunoni, aliwapokea getini.

"Karibuni sana. Moto ni kwenye mawe tu, si kwingine. Kuni okoteni zilizoanguka, mti ulio hai msiuguse. Mahali pa kuegesha chagueni wenyewe."

Mahali pazuri palijionyesha. Palikuwa chini ya mkaratusi mkubwa, penye kivuli, hatua chache kutoka kwenye bomba la maji. Mkunga akakata usukani kuelekea huko. Kipanga akapiga dashibodi kwa mkono wa kushoto.

"Ta... ta..."

"Taratibu? Mbona naenda taratibu."

Akatikisa kichwa. "Ta..."

"Taka? Hutaki kukaa karibu na mapipa ya taka?"

Kipanga akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kiti. Mkunga akalichukua hilo kuwa ndiyo, akageuza, akaegesha mbali kidogo, mahali ambapo jua liliwapiga utosini. Moyoni alinung'unika. Duniani kote watu wanakimbilia kivuli. Wa kwake anakikimbia.

Hawajamaliza hata kushusha viti, gari jingine likaingia likivuta karavani ya kukodi, kijumba cha magurudumu. Akashuka kijana aliyenyolewa vizuri mno, nywele zimepigwa mstari kama kwa rula, na mkewe kijana aliyebeba mtoto mchanga mgongoni. Wakaegesha chini ya mkaratusi.

Kipanga akainuka. Akachukua fimbo yake, akaanza kujikokota kuwaendea, na Mkunga akamfuata mbio kwa sababu alijua watu wanavyowatazama wagonjwa wasiowajua. Kipanga alipowafikia aliinua fimbo juu, akaielekeza kwenye mti.

"Ta... ta..."

Yule kijana akatabasamu, tabasamu la mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Mkunga akaingilia haraka.

"Anawasalimu. Anasema mmepata mahali pazuri."

"Ahaa! Shikamoo mzee! Ahsante sana." Kijana akamshika Kipanga mkono kwa mikono miwili. "Mimi ni kinyozi. Huyu mke wangu, na huyu bosi wetu mpya. Ndiyo mara yetu ya kwanza kuja porini."

Kipanga hakumtazama Kinyozi. Alimtazama Mkunga, na jicho lile Mkunga hakulisahau baadaye. Kisha akageuka, akarudi peke yake, mguu ukichora mstari mchangani.

Alasiri upepo ulianza kuvuma kutoka ziwani. Mkunga alikuwa ndani akimenya viazi, akasikia sauti aliyoifahamu miaka yote ya ndoa yake, kriii, kriii, ya meno kwenye kuni. Akachungulia. Kipanga alikuwa ameutoa msumeno wa upinde, amelikanyaga tawi kavu kwa mguu mzima, anakata kwa mkono wa kushoto. Mkunga akakumbuka ahadi yake, akaweka kisu chini. Lakini hakutoka. Mwanamke anapojikaza kwa uchungu, mkunga mzuri anajua wakati wa kuweka mkono na wakati wa kuukunja. Akaona na huu ni wakati wa kuukunja.

Msumeno ulikwenda mara mbili, ukaruka. Akauweka tena. Ukaruka tena, na safari hii mkono ukateleza, meno yakamparuza kidole. Kipanga akasimama akiitazama damu yake kwa muda, kisha akautupa msumeno kwa nguvu zote za mkono ule mmoja, ukaenda kulala majanini.

Sasa Mkunga akatoka, na bandeji mkononi.

"Pole, mume wangu. Lete nione."

"U... usi... ni..."

"Nisikuguse?"

Akatikisa kichwa. "Usi... ni..."

"Nisikuache?"

Kipanga akapiga kiganja kwenye paja. Mishipa ya shingo ilimsimama. Akafumba macho, akatafuta neno mahali fulani mbali, akalileta kipande kwa kipande kama mtu anayepandisha ndoo kisimani.

"Usi. Ni. Ma. Li. Zi. E."

Mkunga akabaki ameshika bandeji. Usinimalizie. Tangu kiharusi kimpige, yeye ndiye aliyemjibia daktari, akamjibia muuza duka, akawajibia watoto. Aliyaona maneno ya mumewe kama vitoto vilivyokwama, naye kazi yake ikawa kuvivuta. Hakuwahi kujiuliza ni vingapi kati ya alivyovuta havikuwa vya yule mzazi.

"Haya," alisema taratibu. "Sema ulichotaka kusema. Nitasubiri."

Lakini Kipanga alikuwa amechoka. Akampa kidole kifungwe, akakaa kwenye kiti, akauangalia mkaratusi.

Upepo ukazidi. Kinyozi alipita na dumu akielekea ziwani kuchota maji, akawapungia. Mlinzi wa kambi alikuwa akifunga madirisha ya ofisi yake. Ndipo juu kabisa kukasikika mlio kama wa kitambaa kizito kinapochanwa, ukafuatwa na kishindo kilichotikisa vikombe ndani ya Kobe.

Tawi lilikuwa nene kama paja la mtu. Halikukatika lote. Upande wa juu lilikuwa bado linaning'inia kwenye mti kwa ukanda wa mbao na gome; ncha yake ya chini ilikuwa imejikita ardhini mbele ya ngazi ya karavani; na katikati lilikuwa limejipinda juu ya kona ya karavani kama upinde uliovutwa, limeubana mlango. Paa lilikuwa limebonyea. Kutoka ndani mtoto alilia, na mama yake alilia zaidi.

Kinyozi alitupa dumu, akaja mbio. Akauvuta mlango; mlango haukutikisika. Dirisha lililosalia kufunguka lilikuwa dogo, la nyuma. Mkunga akafika hapo, akamwita yule mama kijana kwa sauti aliyoitumia kwenye vyumba vya kujifungulia, sauti isiyo na haraka hata kidogo.

"Mwanangu, nitazame mimi. Umeumia?"

"Sijaumia. Mama, nasikia harufu ya gesi!"

"Zima jiko. Fungua kila kinachofunguka. Usiwashe kitu chochote. Halafu nipe mtoto, miguu kwanza."

Mtoto akapita dirishani, miguu, tumbo, kichwa chenye hasira. Si mara ya kwanza kwa Mkunga kumpokea mtu kupitia mlango mwembamba. Akampa mlinzi wa kambi aliyekuwa amefika akihema. Yule mama kijana naye akajaribu kupita, mabega yakagoma.

"Mtungi wa gesi uko wapi?" Mlinzi aliuliza.

Kinyozi akaonyesha. Mtungi ulikuwa kwenye kisanduku cha mbele, na kisanduku kilikuwa kimekandamizwa na tawi lile lile, hakifunguki.

"Ofisini nina msumeno wa injini," Mlinzi alisema. "Niulete?"

"Ulete!" Kinyozi alisema.

"Usiulete," Mkunga alisema. "Kwenye gesi hatutaki cheche."

Kinyozi hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa ameona panga la kambi kiunoni mwa Mlinzi. Akalichomoa, akasimama mbele ya tawi, pale lilipobenuka kuelekea nje, akainua mkono. Mkono wake haukushuka. Kipanga alikuwa amemdaka kwa mkono wa kushoto, na mkono ule, pamoja na umri wake wote, ulikuwa bado mkono wa mtu aliyeishi kwa kujishikilia juu ya miti.

"Niache, mzee! Mke wangu yuko ndani! Huyu mzee kalewa?"

"Hajalewa," Mkunga alisema. "Ulimi ndio unaoumwa. Akili ni nzima."

"Usi... ka... te..." Kipanga alisema.

"Anasema usikate hapo," Mkunga alidakia, "anasema kata juu kule, karibu na..."

Akasita. Kipanga alikuwa akimtazama kwa jicho lile la mchana, la wakati fimbo ilipoelekea mtini. Ta, ta. Likamwingia kama maji baridi mgongoni. Tawi. Tangu walipoingia getini mtu huyu alikuwa akisema tawi. Aliliona limepasuka, akasema, na yeye mkewe akampa taratibu, akampa taka, akampa salamu za watu.

"Nyamazeni wote," Mkunga alisema. "Anaongea."

Wakanyamaza. Upepo ukasukuma mti, tawi likasaga ukuta wa karavani, kioo kikapasuka, na ndani mwanamke akapiga ukelele. Mkunga alisubiri. Kusubiri kule kulikuwa kazi ngumu kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya. Kila kipande cha neno kilipotoka, kingine kilimjaa mdomoni mwake kikitaka kukifuata, akakimeza.

"Nje... lina... ruka," Kipanga alisema. Akaugusa mgongo wa ule upinde, kisha kifua cha Kinyozi, akapeperusha kiganja hewani. Hata mtoto angeelewa: ukikata hapa, litakufyatukia. Kisha akapenyeza mkono upande wa pili, kwenye uwazi mdogo kati ya tawi na karavani, akapapasa gome. "Nda... ni. Kido... go. Kidogo."

"Panga haliingii hapo," Mlinzi alisema.

"Msumeno wa kukunja," Mkunga alisema, akajishika mdomo. "Samahani. Ulitaka kusema nini?"

Pamoja na yote yale, upande mzima wa mdomo wa Kipanga ulicheka. "Huo," alisema. "Huo huo."

Mkunga akaufuata mbio kwenye droo. Aliporudi, Kinyozi akanyoosha mkono kuupokea, na mkono wenyewe ulikuwa unacheza kama jani. Mtu aliyeshika wembe kila siku shingoni mwa watu, leo hawezi kushika mpini. Kipanga naye akautazama msumeno, akautazama mkono wake wa kushoto wenye bandeji, akapumua, akamsukumia mkewe glovu.

"We... we."

"Mimi? Mimi nimekata vitovu tu, mzee."

"We... we," alisema tena.

Alimpanga mahali pa kusimama, si mbele ya upinde, si chini yake, bali ubavuni, bega likigusa karavani. Mkunga akapenyeza mkono, akaweka meno kwenye gome la ndani. Kipanga akaweka kiganja chake juu ya tawi, akaliegemea kidogo, kama anasikiliza.

"Vuta."

Akavuta. Unga mweupe ukaanguka.

"Vuta. Acha." Kiganja kikahama. "Hapa. Vuta."

Hakumruhusu kukata mkato mmoja mrefu. Alimhamisha, mkato hapa, mkato pembeni yake, mfupi mfupi, na kila mkato ulipoingia, tawi liliguna na kulegea kidogo. Maneno hayo mawili, vuta na acha, yalitoka mazima kila mara. Mkunga aliligundua hilo jasho likimwingia machoni. Ndani ya karavani mwanamke alikuwa ameacha kulia, anauliza, "Bado, mama?" naye anajibu, "Karibu, mwanangu, karibu," kama alivyowajibu mamia.

Mara kiganja cha Kipanga kikakaza. Alimvamia mkewe kwa mwili mzima, wakaanguka wote wawili majanini, na nyuma yao tawi likajikunja palipokatwa bila haraka, likateleza ukutani, na kile kipande cha juu kikakatika mtini kikatua kando ya ngazi kwa kishindo kilichotosha kuvunja mgongo wa ng'ombe.

Kinyozi alikuwa ameshaufungua mlango. Mkewe akatoka, akampita, akaenda moja kwa moja kwa Mlinzi kumchukua mtoto. Mlinzi akakimbilia mtungi, akaufunga. Kisha kila mtu akakaa chini mahali alipokuwa, kana kwamba wameambiwa.

"Umeumia?" Mkunga aliuliza, akiwa bado amelaliwa na mumewe.

Kipanga akafikiri. Mkunga akasubiri.

"Nili... dhani," alisema hatimaye, "li... ta... anguka... kule." Akaonyesha pale walipokuwa wamesimama.

Mkunga akatazama kule, akatazama lilikoangukia, kinyume kabisa. Wangebaki wamesimama pale pale, lisingewagusa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na Kipanga naye akacheka kwa ule upande wake mmoja, na yule mama kijana akawatazama wazee wawili wanaogaagaa majanini akafikiri wameingiwa na wazimu.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, Kinyozi alikuja kwa Kobe na kisanduku chake cha kazi. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Mzee, nilikuita mlevi. Naomba unisamehe."

Kipanga akampungia aondoe habari hiyo. Kinyozi hakuondoka. "Na mama, leo mchana wakati tunafika, mzee aliinua fimbo. Hakuwa anatusalimu, sivyo?"

Mkunga angeweza kutafuta njia ya kando. "Hapana," alisema. "Alikuwa anawaambia kuhusu tawi. Mimi ndiye niliyeyageuza maneno yake. Nilijiona namjua kuliko anavyojijua. Kosa ni langu, mwanangu, na mkeo nitamwambia mwenyewe."

Kinyozi alitafakari, akaitikia kwa kichwa. "Nyumbani mke wangu ananiambia kila siku simsikilizi," alisema. "Na ulimi wake ni mzima kabisa."

Kisha akafungua kisanduku, akatandika taulo, akamuuliza Kipanga kama angependa kunyolewa ndevu. Hakumuuliza Mkunga. Akamuuliza yeye, akangoja, mkasi hewani, mpaka jibu likatoka. Tangu augue Kipanga alikuwa hataki mtu amguse uso. Alikuwa amefuga kichaka cheupe kilichomfanya aonekane nabii aliyekimbiwa na wafuasi. Jioni ile alikaa kitini, akainua shingo. Wembe ukapita polepole kwenye shavu lililolala na kwenye shavu lililo macho, na Mkunga akamwona tena mume wake, amezeeka, mdomo umeenda upande, lakini ni yeye.

Kesho yake Mlinzi aliwaruhusu kulikatakata lile tawi liwe kuni za kambi. Kipanga alishika mwisho mmoja wa msumeno wa upinde kwa mkono wa kushoto, Mkunga akashika mwisho wa pili. Mwanzo walipigana nao kama watoto wanaogombea shuka.

"Usi... sukume," Kipanga alisema. "Vuta... tu. Zamu... yangu... pu... mzika."

"Ningepumzika kama usingekuwa unalala upande wako."

"Mkunga..." Akakusanya pumzi. "Kelele... nyingi."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alimjibu, na wakaendelea, kriii, kriii, hadi wakapata mwendo. Yule mama kijana alikaa karibu akimnyonyesha mtoto. Mkunga alikuwa ameshamwambia yote. Yule mama alimwaga machozi kidogo, kisha akasema jambo moja tu, kwamba mwanawe akikua atamweleza kuwa alizaliwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa dirishani.

Saa ya chai simu ikaita. Alikuwa binti yao. Mkunga akaeleza kwa kifupi, na kwa kadiri alivyoeleza, sauti ya upande wa pili ilipanda.

"Mama! Uliniahidi!"

"Nilikuahidi, na ahadi nimeivunja. Tena aliyeshika makali ni mimi. Nilikosea kukuahidi kitu kisicho changu bila kumuuliza mwenyewe."

"Nipe baba. Au hapana, niambie tu anasemaje. Anataka nini? Anataka ule msumeno wa injini?"

Mkunga akamtazama Kipanga. Alikuwa na jibu tayari, na alikuwa karibu na hakika kwamba ni sahihi. Akaweka simu mezani mbele ya mumewe, akaongeza sauti ili isikike.

"Muulize," alimwambia binti. "Na ukishauliza, nyamaza. Ngoja mpaka amalize, hata kama vocha itaisha."

Akachukua ndoo, akaenda bombani, maana alijijua. Angebaki pale, mdomo ungemcheza. Kutoka bombani hakusikia maneno. Alimwona Kipanga ameinamia simu, mkono wa kushoto ukipimapima kitu hewani, labda urefu wa msumeno, labda unene wa tawi. Alinyamaza, akasikiliza, akasema tena. Ndoo ilipojaa, Mkunga aligeuka akaona bado anaongea. Akaimwagia miche ambayo Mlinzi alikuwa ameipanda kando ya njia, akaitegesha ndoo chini ya bomba, akaanza kuijaza upya.